Nani Aliyekanyaga Zabibu?

Leo twende pamoja kwa mawazo mpaka kusini kabisa mwa bara letu la Afrika, tukatazame shamba moja la mizabibu lililo kwenye mteremko wa mlima, na ghala lake la kale la divai.

Huenda mama mmoja aliye jikoni, akisikiliza huku akichagua mchele, atauliza, "Jamani, watu wa kanisa wana shughuli gani na ghala la divai?" Swali lake ni la haki. Makanisa yetu mengi yamefundisha tangu zamani kwamba ulevi huvunja nyumba, na wengi wetu hata katika Meza ya Bwana twatumia maji ya zabibu yasiyochachuka. Basi sikuiti uende kuonja. Nakuita uende kusoma. Maana kuta za zamani ni kama kitabu, na yaliyoandikwa katika kuta hizi yanatuhusu sisi wana wa kanisa kuliko tunavyodhani.

Shamba lenyewe laitwa Groot Constantia, maana yake Constantia Kubwa. Liko kusini mwa mji wa Cape Town, mwendo mfupi kwa gari. Mgeni anapofika huingia kwa njia iliyopandwa miti mikubwa ya mialoni pande zote mbili. Mbele yake huona nyumba ndefu yenye kuta nyeupe na paa la nyasi, iliyojengwa kwa mtindo wa Waholanzi wa kale. Nyuma ya nyumba hiyo ndipo lilipo ghala. Ni jengo refu, na juu ya mlango wake kuna mapambo yaliyochongwa kwa ustadi pamoja na mwaka 1791. Mchongaji wake ajulikana kwa jina, naye ni Anton Anreith, Mjerumani.

Ukiingia ndani, kwanza unapokewa na ubaridi. Kuta ni nene, na madirisha ni machache. Hivyo ndivyo wazee walivyofanya kabla ya umeme. Divai ikipata joto huharibika, basi walijenga kuta nene ili jua la mchana lisipenye, na ndani wakapanga mapipa ya mbao ambamo divai ilikaa na kukomaa. Nje, mizabibu yapanda mteremko wa mlima kwa mistari iliyonyooka, na upepo wa bahari hufika huko na kupunguza ukali wa jua. Yeyote apendaye ukulima atakiri kwamba aliyepachagua mahali hapo alikuwa na jicho.

Aliyepachagua ni Simon van der Stel. Tuanze habari yake.

Mnamo mwaka 1652 Kampuni ya Waholanzi ya biashara ya Mashariki ilimtuma Jan van Riebeeck kuanzisha kituo pale Cape, ili meli zake ziendazo India na Indonesia zipate maji, nyama na mboga. Nchi haikuwa tupu. Wakhoikhoi walikuwa wakilisha ng'ombe na kondoo wao huko tangu zamani, na punde si punde ugomvi wa malisho ukaanza. Miche ya mizabibu ililetwa mwaka 1655, na tarehe 2 Februari 1659 van Riebeeck aliandika katika kumbukumbu zake kwamba divai ya kwanza ya Cape ilikuwa imekamuliwa siku ile. Mwaka uliotangulia, 1658, meli za kwanza zenye shehena kubwa ya watumwa zilikuwa zimetia nanga hapo. Angalia jinsi mambo haya mawili yalivyofuatana. Kwa miaka mingi iliyofuata hayakutengana tena.

Simon van der Stel alifika kuwa mkuu wa Cape mwaka 1679. Mji wa Stellenbosch, unaojulikana sana kwa mizabibu, umeitwa kwa jina lake. Mwaka 1685 Kampuni ilimpa shamba kubwa nyuma ya mlima, akaliita Constantia. Alipostaafu mwaka 1699 alihamia huko, akakaa hadi kufa kwake mwaka 1712.

Kuna jambo moja katika ukoo wake ambalo halikuandikwa juu ya mlango wowote. Mama yake mzaa mama aliitwa Monica. Alikuwa mwanamke wa Asia, na inasemekana aliwahi kuwa mtumwa. Mjukuu wa Monica akawa bwana wa Cape, na katika shamba lake wakalima watumwa. Tulishike neno hili, kwa maana tutakutana nalo tena.

Sasa, wapenzi, mwaka huo huo wa 1685 jambo jingine kubwa lilitokea mbali sana na Afrika. Ufaransa walikuwako Waprotestanti wengi walioitwa Wahuguenoti. Mwaka 1598 mfalme Henri wa Nne alikuwa amewapa ruhusa ya kuabudu katika mji wa Nantes. Mjukuu wake, Louis wa Kumi na Nne, akaifuta ruhusa hiyo mwezi wa Oktoba 1685. Makanisa yao yakabomolewa, wachungaji wakafukuzwa, na waumini wakakatazwa hata kuondoka nchini. Waliokamatwa wakitoroka walitiwa gerezani, na wanaume wengi walifungwa minyororo na kuvutishwa makasia katika meli za mfalme. Hata hivyo watu wapatao laki mbili walitoroka, wakakimbilia Uholanzi, Uingereza, Ujerumani na kwingineko.

Wachache kati yao, ambao hawakuzidi sana watu 200, walipanda meli za Kampuni na kufika Cape, wengi wao katika mwaka 1688. Pamoja nao alikuja mchungaji wao, Pierre Simond. Van der Stel akawapa mashamba katika mabonde ya Drakenstein na mahali panapoitwa hata leo Franschhoek, yaani Pembe ya Wafaransa. Baadhi yao walijua kazi ya mizabibu, na walisaidia kuikuza katika nchi ile. Lugha yao ilipotea baada ya vizazi viwili hivi, kwa sababu Kampuni ilitaka Kiholanzi kitumike, lakini majina yao yako mpaka leo: de Villiers, du Toit, Joubert, Marais, Malan.

Sisi Waprotestanti tunaposikia habari za watu hawa mioyo yetu huchangamka. Walipoteza nyumba, mashamba na ndugu kwa ajili ya imani yao. Ni haki tuwaheshimu. Lakini historia ikisimuliwa nusu yapotosha, na nusu ya pili ni hii: baada ya miaka michache tu, wengi wa hao waliokimbia minyororo ya mfalme walikuwa wenyewe wakinunua watu.

Watumwa wa Cape walitoka wapi? Wengine walitoka India na Bengal, wengine visiwa vya Indonesia, wengine Madagaska, na wengine Msumbiji na pwani hii yetu ya Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1776 na 1778 meli za Kampuni zilifika hadi pwani ya Waswahili kutafuta watumwa, na kumbukumbu za safari hizo zingaliko. Kwa jumla, tangu mwanzo hadi biashara hiyo ilipokatazwa na Waingereza, watu wapatao 60,000 waliletwa Cape kwa nguvu. Mwishoni mwa karne ya 18 watumwa walikuwa wengi kuliko raia huru wa Kizungu.

Mtu alipoteremshwa melini, jina alilopewa na mama yake lilitupwa. Mwingine aliitwa kwa jina la mahali alikotoka, kama vile fulani wa Msumbiji au fulani wa Bengal. Mwingine alipewa jina la mwezi. Ndiyo maana hata leo ukienda Cape utakuta jamaa za watu wenye heshima zao wanaoitwa September, Februarie au April. Msiyachekelee majina hayo. Ni alama ya mahali ambapo jina jingine lilifutwa.

Hao ndio waliochimba mitaro ya Constantia, wakapanda miche, wakapogoa matawi wakati wa baridi na kuvuna wakati wa joto. Siku zile zabibu zilimwagwa ndani ya chombo kikubwa, na watu wakaingia kuzikanyaga kwa miguu mitupu mpaka maji yakatoka.

Mwaka 1778 Groot Constantia ilinunuliwa na Hendrik Cloete, mkulima hodari na tajiri. Ndiye aliyejenga ghala lile la mwaka 1791. Divai yake ilikuwa tamu sana, kwa sababu zabibu ziliachwa mtini mpaka zikaanza kunyauka, na utamu wote ukabaki ndani yake. Kazi yake ilikuwa nyingi na mazao yake machache, basi bei ikapanda. Wafalme wa Ulaya waliitafuta. Napoleon Bonaparte, alipokuwa amefungwa katika kisiwa cha St Helena kuanzia mwaka 1815 hadi alipokufa mwaka 1821, alipelekewa divai ya Constantia. Dunia ikajua jina la shamba, ikajua na jina la mwenye shamba. Jina la aliyekanyaga zabibu halikusafiri na pipa.

Je, kanisa lilikuwa wapi? Hapa ndipo habari hii inapotugusa. Katika kanisa la Waholanzi palikuwa na fundisho la tangu zamani kwamba mtumwa aliyebatizwa asiuzwe tena. Mwaka 1770 wakuu wa Kampuni walilitia nguvu jambo hilo kwa amri. Amri ilionekana njema. Lakini mabwana wengi walifanya hesabu: nikimbatiza, siwezi kumwuza. Basi wakawazuia watumwa wao wasifikie ubatizo. Watumwa wengi wakaenda kusikiliza waalimu wa Kiislamu, ambao hawakuwafungia mlango. Amri hiyo ilifutwa mwaka 1812, nayo ilikuwa imekwisha kutuonyesha jambo. Mtu aliweza kukaa katika kiti cha mbele kanisani siku ya Jumapili, akaimba zaburi kwa sauti kubwa, na moyoni akapima Injili kwa bei ya soko.

Waingereza, waliotwaa Cape mara ya pili mwaka 1806, walikataza biashara ya watumwa kuanzia mwaka 1808. Utumwa wenyewe ulikomeshwa tarehe 1 Desemba 1834, lakini waliowekwa huru walilazimishwa kuwatumikia mabwana wao wa zamani miaka minne zaidi. Uhuru kamili ulikuja tarehe 1 Desemba 1838. Watu wapatao 38,000 walifunguliwa. Serikali ya Uingereza ililipa fidia, nayo ililipwa kwa mabwana. Aliyefanya kazi tangu utoto mpaka mvi hakupata hata senti moja. Wengi walirudi kwenye mashamba yale yale kuomba kazi, kwa sababu hawakuwa na pa kwenda.

Wengi wa hao waliorudi walikuta ujira wa namna mpya. Sehemu ya mshahara wao ililipwa kwa divai, kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni. Desturi hiyo ilianza zamani za utumwa na iliitwa "dop". Bwana aliokoa fedha, naye mfanyakazi akanaswa na kilevi asiweze kuondoka. Sheria iliikataza katika karne ya 20, lakini iliendelea kichinichini miaka mingi. Matunda yake yanaonekana hata leo. Katika baadhi ya wilaya za mizabibu za jimbo la Western Cape, idadi ya watoto waliozaliwa na madhara kwa sababu mama zao walikunywa pombe wakiwa waja wazito imekuwa miongoni mwa zilizo kubwa kabisa duniani. Basi tunapohubiri juu ya ulevi, na tuhubiri. Lakini tusimwonyeshe kidole mlevi peke yake na kumsahau aliyemjazia kikombe.

Nalo suala la kikombe liliingia mpaka katika Meza ya Bwana. Mwaka 1829 Sinodi ya Kanisa la Kiholanzi la Reformed pale Cape iliulizwa kama Wakristo wasio Wazungu washiriki meza moja na Wazungu. Sinodi ikajibu vema, kwamba Meza ni ya wote bila kutazama rangi. Lakini manung'uniko hayakwisha. Walikuwako walioona vigumu kupokea kikombe kilichotoka mdomoni mwa mtu mweusi. Mwaka 1857 Sinodi ikalegea. Ilikubali kwamba kwa Maandiko ingefaa wote waabudu pamoja, ila kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu, wasio Wazungu waweza kuabudu mahali pao peke yao.

Wapenzi, lipimeni neno hilo. Walijua Maandiko yasemavyo, wakayaandika, kisha wakaufuata udhaifu. Mwaka 1881 likaanzishwa kanisa la kando kwa ajili ya watu wa rangi. Ufa uliopita katika kikombe ukapita katika kanisa, na kutoka kanisani ukaenea katika nchi.

Pale Franschhoek pana mnara wa kuwakumbuka Wahuguenoti, uliozinduliwa mwezi wa Aprili 1948. Mbele yake imesimama sanamu ya mwanamke. Mkono mmoja ameshika Biblia, mkono wa pili ameshika mnyororo uliokatika. Ni sanamu nzuri. Lakini mwezi uliofuata, Mei 1948, serikali ya ubaguzi wa rangi ilichaguliwa, nayo iliongozwa na D. F. Malan, aliyekuwa zamani mchungaji, na jina la ukoo wake ni la Kihuguenoti.

Sheria za serikali hiyo zilifika mpaka Constantia yenyewe. Katika miteremko ile zilikuwako jamaa, wengine wao wajukuu wa watumwa, waliokuwa wamejipatia vishamba vya mboga na maua. Katika miaka ya 1960 bonde lilitangazwa kuwa la Wazungu, na jamaa hizo zikahamishwa na kupelekwa kwenye mchanga wa Cape Flats. Sisi tusomao Wafalme wa Kwanza sura ya 21 twalijua shamba la mizabibu la Nabothi, na jinsi Ahabu alivyolitamani. Baada ya ubaguzi kuondolewa mwaka 1994, baadhi ya jamaa hizo zilirudi kudai haki yao mbele ya sheria.

Lakini Mungu hakujiacha bila shahidi. Kanisa lile la kando, lililotengwa kwa sababu ya kikombe, ndilo lililoandika katika mtaa wa Belhar, mwaka 1982, ungamo la imani likisema kwamba umoja wa kanisa ni zawadi na ni wajibu, na kwamba Mungu yuko upande wa waliodhulumiwa. Lilipitishwa mwaka 1986. Waliosukumwa mbali na meza ndio waliokuja kuwafundisha wengine maana ya meza.

Siku hizi mgeni wa Groot Constantia hupata kusoma habari za watumwa pamoja na habari za mabwana. Nyumba kubwa iliungua moto mwaka 1925, ikajengwa upya, na sasa ni jumba la makumbusho. Majina machache ya watumwa yameokolewa kutoka katika vitabu vya hesabu, walimoandikwa kama mali.

Sasa turudi kwenye neno nililowaomba mlishike. Mjukuu wa Monica alisahau. Wana wa Wahuguenoti walisahau. Ndiyo maana Torati, katika Kutoka sura ya 23 na tena katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, yawaonya Waisraeli wasimwonee mgeni, kwa kuwa wao wenyewe waliujua moyo wa mgeni. Tena yawaagiza kwamba wakivuna shamba la mizabibu wasirudi kuokota yaliyosalia. Hayo ni ya mgeni, yatima na mjane. Sababu inayotolewa ni moja tu: kumbuka ya kuwa ulikuwa mtumwa katika Misri. Kwa nini watu waambiwe wakumbuke jambo kubwa namna hiyo? Kwa sababu aliyetoka shimoni ndiye asahauye upesi, akishapata nguo safi.

Na sisi je? Babu zetu hapa Kenya, kuanzia mwaka 1919 na 1920, walivishwa kipande shingoni ndani ya kikopo cha bati, wakatembea nacho kama mbwa na kengele yake. Wengi wetu tumelelewa kwa hadithi za mashamba yaliyotwaliwa. Tulilia, na Mungu akasikia. Leo baadhi yetu tuna mashamba ya kahawa na chai, tuna maduka, tuna watumishi nyumbani. Yule kijana anayechunga ng'ombe wako, unalijua jina lake kamili, au wamwita tu "kijana"? Yule msichana anayelea watoto wako alipokea lini mshahara wake wa mwisho? Je, Jumapili huachwa nyumbani kupika, ili wewe ukirudi kutoka Meza ya Bwana ukute chakula mezani? Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, aonya kwamba ujira uliozuiliwa una sauti, na sauti hiyo hufika masikioni mwa Bwana.

Jumapili ijayo, ndugu yangu, utakapokipokea kikombe kile kidogo mkononi, kumbuka kwamba kabla hakijafika kwako kuna mtu aliyelima, kuna aliyevuna, na kuna aliyekanyaga. Na kabla ya wote yuko Mmoja aliyemwaga damu yake bila kuuliza rangi ya mtu wala bei yake. Kisha urudi nyumbani, umlipe unayedaiwa naye, na umwite kwa jina lake.

Mungu atupe moyo wa kukumbuka. Kwaherini, mpaka tutakapokutana tena.